Mzee Akonaay Ajiunga na Grupu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mbulu mjini.

Baridi kali. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Mimi sijali, maana leo mambo yangu yameanza kunyooka.

Festo ametangaza kwenye grupu kwamba anahamia Dodoma. Festo ndiye mwenyekiti wetu sisi tunaojenga tovuti kwa Scala, lugha ya kompyuta, Mbulu na Hanang yote. Hatuko wengi. Lugha yenyewe ngumu, na fremuweki, kiunzi tunachojengea, ni ngumu zaidi: ukikosea kidogo inakujazia maandishi mekundu ukurasa mzima, halafu inakaa kimya. Ndiyo maana kukawa na grupu. Aliyekwama anauliza, anayejua anajibu. Jumamosi tunakutana Katesh kuchagua mwenyekiti mpya, na Festo amesema atachaguliwa yule aliyewasaidia wenzake kuliko wote.

Ni mimi. Nani mwingine?

Nimepitia meseji za nyuma nipate ushahidi. Ajabu! Wote wanamuuliza Letisia wa Tlawi. Kila swali Letisia, na anawajibu hata akiwa zizini anakamua. Mara ya mwisho mtu kuniuliza mimi, nilimwambia azime kompyuta aiwashe tena. Lilikuwa jibu zuri. Hakushukuru. Kosa ni lao, hawana maswali ya kiwango changu.

Baba naye ameweka mambo wazi wakati wa uji. Mzee Theodory si mtu wa maneno mengi. Amesema haoni hiyo mashine inafanya nini zaidi ya kula umeme. Kama kweli ni kazi, basi wanaoijua watanichagua. Wasiponichagua, nateremka Yaeda Chini kwa mjomba Agustino kuchunga ng'ombe. Yaeda! Vumbi, miiba, na mtandao mpaka upande kilima. Mimi, mtu wa Scala! Nilimjibu kwa heshima kwamba atajivunia mwanawe.

Jioni nikapata wazo. Kama hakuna anayeniuliza, nitamtengeneza muulizaji mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni.

Amezaliwa! Mzee Akonaay, mwalimu mstaafu, mkazi wa Yaeda Chini. Anatumia simu ya zamani ya Mama, ile yenye kioo kilichopasuka. Picha yake ni kofia ya Baba na fimbo juu ya kigoda. Nimechagua mzee kwa akili. Swali la kijana watu wanaweza kulipita, la mzee halipitwi. Halafu mzee akikusifu, nani atabisha? Na kwa kuwa Yaeda mtandao ni wa kubahatisha, hakuna atakayempigia.

Mpango: Mzee anauliza. Mimi najibu kabla hawajavuta pumzi. Mzee ananisifu.

Baada ya chai Mzee akajitambulisha. Akasema anajifunza Scala uzeeni, naye anaomba kuelezwa faili la njia ni kitu gani. Jibu nilishaliandika. Refu, tamu, lina mpaka utangulizi.

Sikufikiria jambo moja. Shikamoo! Grupu zima lilimwaga shikamoo. Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu, shikamoo babu. Sasa mzee anaamkiwa halafu haitikii, huyo ni mzee gani? Nikashika simu ya Mama nikaanza. Marahaba. Marahaba mwanangu. Marahaba, hamjambo huko Dirma? Kioo kinakwaruza kidole. Nilipomaliza, Letisia alishajibu, kwa ufupi na kwa upole. Eti ni orodha ya njia za kufikia kurasa za tovuti, husomwa kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza inayofaa ndiyo inayomchukua mgeni. Sikusoma mpaka mwisho, nilikuwa na hasira. Lakini Mzee ilibidi ashukuru. Nimemshukuru Letisia kwa kidole changu mwenyewe!

Haikuishia hapo. Festo akaandika mbele ya wote kwamba mzee ameamkiwa na kila mtu isipokuwa mmoja, na huyo mtu anajijua. Mimi! Nilisahau kujiamkia. Judith wa Dirma akauliza kama kwetu hakuna wazee. Nikaandika shikamoo. Nikahamia simu ya pili. Nikaandika marahaba, nikaongeza mwanangu, watu waone hakuna kinyongo.

Wamemsifu sana kwa uungwana wake. Nimemtengeneza vizuri, lazima niseme.

Jumatano, 11 Juni.

Tovuti yangu ya mnada wa Dirma imegoma. Ndiyo nitakayoionyesha Katesh! Ni nzuri, juu ina picha ya fahali. Ila ukibonyeza "Mpya" ili usajili ng'ombe mpya, inakujibu kwamba hakuna ng'ombe anayeitwa Mpya. Nimeibembeleza tangu asubuhi. Nimezima kompyuta nikaiwasha. Wapi!

Niulize kwenye grupu? Mimi, na uchaguzi uko mlangoni? Sithubutu. Lakini Mzee Akonaay hagombei kitu. Mzee anaweza kuuliza lolote na hakuna wa kumcheka. Nilifurahi mpaka nikapiga meza.

Mzee akauliza. Letisia akamwomba atume faili. Mzee akatuma. Halafu Letisia akauliza, kwa adabu zote, mbona juu ya faili pameandikwa "Kazi ya Bonaventura, Bingwa wa Scala, Mbulu na Dunia".

Huwa naandika hivyo kwenye kila faili. Mtu akifanya kazi nzuri anatia jina.

Nilifikiri haraka, na hilo najivunia. Mzee akajibu kwamba kijana Bonaventura ndiye aliyemtengenezea. Nikakaa nikingoja sifa. Letisia akamwonyesha Mzee kosa lilipo: njia ya kumtafuta ng'ombe kwa jina imewekwa juu ya njia ya ng'ombe mpya, kwa hiyo fremuweki inaliona neno Mpya inadhani ni jina la ng'ombe. Ageuze ile mistari, ya chini iwe juu, basi. Akasema ni jambo lilelile alilolieleza jana.

Nikageuza. Ikafanya kazi! Nikacheza peke yangu chumbani mpaka Mama akagonga ukuta. Niliporudi kwenye simu yangu, grupu linawaka moto. Kijana gani anamkabidhi mzee wa watu kazi mbovu namna hii? Judith akasema huku ni kumchezea mtu mzima. Festo ameniagiza nimwombe Mzee radhi mbele ya wote kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, 12 Juni.

Nimeomba radhi. Niliandika vizuri mno. Nilipoisoma tena nililengwalengwa na machozi.

Sasa zamu ya Mzee. Ningeweza kusamehe palepale, jambo likaisha. Lakini mimi si mtu wa kulipua kazi. Mzee wa kweli, huku kwetu, hasamehe mbiombio kama mtu anayefukuzwa na mvua. Anakaa. Anavuta blanketi. Anatazama mbali. Nikamwandikia maneno machache tu: amesikia, atafikiri. Safi kabisa! Ukiyasoma unaiona hata fimbo yake. Kesho asubuhi atanisamehe kwa maneno mazito na kunisifu, watu walie, na Jumamosi kiti ni changu.

Grupu limezidi kuniwakia. Wanasema ukiona mzee mpole vile anasita, ujue huyo kijana kamuumiza sana. Judith anauliza kuna nini kingine nilichomfanyia ambacho hakisemwi. Wacha waongee. Kesho watajua.

Ijumaa, 13 Juni.

Nimeamka mapema nijisamehe. Simu haipo.

Mama ameondoka nayo alfajiri kwenda Dongobesh kumwona dada yake anayeumwa. Simu yake ile nyingine imeisha chaji, akabeba ya kioo kilichopasuka. Atarudi Jumapili. Mzee Akonaay naye yuko Dongobesh!

Nikampigia. Nikamwomba aingie kwenye grupu aandike maneno matatu tu, nimekusamehe mwanangu Bonaventura. Mama akauliza nimemkosea nini. Nikasema si yeye niliyemkosea. Akasema basi nimwendee huyo niliyemkosea, na kama naona aibu, Padre yupo. Kisha akasema dada yake anahitaji maji ya moto, akakata.

Festo ameuliza kwenye grupu kama Mzee ametamka lolote. Hakuna. Letisia akaandika kwamba tumpe muda, labda mtandao wa Yaeda. Mwema kweli. Au anafurahi.

Jumamosi, 14 Juni. Katesh.

Nilivaa koti la Baba. Na Baba mwenyewe akaja! Alisema anataka kusikia kwa masikio yake. Safari nzima hakusema kitu ila mara moja, alipouona mlima Hanang hauna wingu, akasema mahindi ya huku yatakuwa yamekauka vizuri.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Nikaonyesha tovuti yangu. Fahali akatokea, nikabonyeza, ng'ombe mpya akasajiliwa bila tatizo. Watu wakapiga makofi, wakakumbuka ya Mzee, wakaacha.

Festo akasimama. Akasema kazi ni nzuri, lakini mtu ambaye mzee hajamsamehe hawezi kukalia kiti cha grupu. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama kofia yake mikononi. Hapo niliumia, sifichi. Nilitamani kusema kila kitu. Nilifungua mdomo kabisa, nikakohoa, nikakaa.

Kila mtu alijua Letisia ndiye atakayechukua. Akaitwa mbele. Binti mfupi, sauti ya chini, sweta la kijani. Badala ya kujinadi, akampendekeza Mzee Akonaay awe mwenyekiti! Akasema ndani ya grupu hili kuna watu wanakwama wiki nzima kwa aibu ya kuuliza, na mzee wetu hana aibu hiyo. Watu wakasimama kwa makofi. Akapita bila mpinzani. Letisia akafanywa katibu.

Halafu katibu akaomba jambo moja, uso mkavu kama amekula kiapo. Mwenyekiti wetu ni mtu mzima na yuko Yaeda Chini peke yake. Na hapa kuna kijana anayehitaji msamaha wake. Basi kijana ateremke akamsaidie, huko huko wapatane. Baba akaomba ruhusa ya kusema kama mgeni. Akasema shemeji yake anaishi Yaeda, mahali pa kulala papo, na ng'ombe wapo. Makofi tena. Makubwa kuliko yangu.

Tulipokuwa tunatoka, Letisia akanivuta kando.

"Kaka Bona, ungeuliza kwa jina lako, tungekujibu vilevile."

Nimeyawaza maneno hayo njia nzima ya kurudi, Baba amesinzia begani kwangu. Nimepata maana yake. Ananionea wivu. Kwa sababu tukisema ukweli, uchaguzi nimeshinda mimi.

Jumatatu, 16 Juni. Yaeda Chini.

Jua linachoma. Ng'ombe wa mjomba Agustino hawanisikii hata kidogo, dume mmoja ananitazama kwa dharau. Haidhuru. Anayewachunga ni mwenyekiti.

Mama alirudi jana. Nilimwomba simu ya kioo kilichopasuka, akanipa huku akifuta machozi, akidhani nataka kitu cha kumkumbukia. Leo nimepanda kilimani, mtandao ukashika. Pongezi zilikuwa hazihesabiki! Mwenyekiti ametoa hotuba fupi. Amemsamehe Bonaventura moja kwa moja na kumwita tunu ya Manyara. Niliisoma mara kadhaa, imetulia.

Katibu akajibu kwamba grupu limefurahi kusikia msamaha, ila mwenyekiti hawezi kuachwa bila msaidizi, kijana abaki naye mpaka mvua. Baba ameshakubali. Kisha akaandika kwamba kuanzia sasa maswali mazito yataenda kwa mwenyekiti. La kwanza ni la Judith: tovuti yake inaganda wakiingia watu wengi kwa pamoja, afanye nini? Wote wanasubiri kauli ya Mzee.

Sijui. Kuzima na kuwasha alishajaribu.

Nikachukua simu yangu mwenyewe. Nikaandika: jamani, mimi Bonaventura hili silijui, naomba nieleweshwe. Nikaisoma. Nikaifuta.

Na palepale, katikati ya ng'ombe, likaja wazo bora kuliko yote niliyowahi kupata. Mwenyekiti hawezi kuonekana anauliza. Lakini mwenyekiti anaweza kuwa na mdogo wake! Nikachomeka laini yangu ya pili. Mzee Nikolausi, mhasibu mstaafu, mpole, anaishi na kaka yake hapahapa Yaeda. Amemwandikia Letisia pembeni, kwa unyenyekevu, amweleze jibu la lile swali la Judith, ili naye amnong'oneze kaka yake. Yaani Letisia anajibu swali alilolileta mwenyewe na hajui! Nilicheka mpaka ndama wakakimbia.

Amejibu upesi.

"Shikamoo mzee. Nitakueleza taratibu, usijali. Kwanza niambie, mko wangapi hapo kilimani?"

Swali la ajabu, lakini wasichana wa Tlawi ni wakarimu, huenda anataka kutuletea chakula. Mzee Nikolausi amemjibu kwamba wako watatu, na hodari kuliko wote ni Bonaventura.