Ngazi ya Bratthammer na Kopo la Lefse

Jumatatu, 16 Juni

Tangazo limebandikwa dukani. Chama cha wastaafu kinakwenda matembezi Jumamosi: basi mpaka juu mlimani, kisha boti ya watalii ndani ya fiodi, mkono wetu wa bahari kati ya milima, na mwongozaji wa kutueleza tunachokiona. Kutueleza sisi! Nimezaliwa humu ndani ya fiodi, halafu msichana wa Trondheim anielekeze maporomoko ya maji yako upande gani!

Jina lake Tiril. Huu mwaka wake wa tatu. Hana ubaya, ana meno mazuri. Lakini boti ikipita chini ya Bratthammer, nyumba ya baba yangu, juu kabisa mwambani, anachosema ni: tazameni ndege. Ndege! Kisha anageukia ng'ambo ya pili, penye Liaskar, anapandisha sauti: hapo ndipo waliishi watu majasiri waliovuta ngazi juu mkaguzi wa serikali alipokuja kuhesabu mbuzi.

Ngazi ilikuwa yetu! Ya baba! Mwaka arobaini na nane, wakati wa mgawo. Baba aliandikisha mbuzi kumi na tisa, na huenda walikuwepo wengine wa kupita njia. Mkaguzi akaja, baba akavuta ngazi, yule bwana akakaa chini siku mbili akipiga kelele. Siku ya tatu ngazi ilianguka. Baba alisema beberu aliisukuma. Hilo si muhimu.

Aliyeiba ngazi yetu ni Gudveig wa Liaskar, jirani yangu wa kulia hapa kijijini, tumelingana umri, hatujalingana akili. Yeye ndiye aliyemjaza Tiril maneno.

Na Synne, mjukuu wangu, anakuja kutoka Bergen kwenda nami matembezini. Miaka ishirini na sita, amesoma mpaka macho yamemchoka, naye anaamini ngazi ni ya Gudveig. Nina miaka themanini na miwili. Siingii kaburini hivyo.

Tatizo ni moja. Huku kwetu mtu hajisifu. Nyumba yako ikiungua, unangoja jirani aitaje. Hivyo siwezi kusema mimi. Lazima aseme mwingine, kwenye kipaza sauti, bila kujua kwamba nimemsemesha mimi.

Nina mpango.

Jumanne, 17 Juni

Nimepika lefse, chapati zetu nyembamba za viazi. Laini kama kitambaa, siagi, sukari, mdalasini. Nimezipeleka gatini kwa Tiril kabla ya boti ya saa nne. Tumbo likijaa, sikio hufunguka.

Nafika, nani yuko pale? Gudveig! Ana sahani ya wafo, vikeki vya miraba, na jamu ya stroberi, amejipaka na rangi ya mdomo. Saa tatu asubuhi!

Tiril akala zake, akala na zangu. Akauliza kwa adabu kama na mimi natoka kwenye nyumba za mwambani. Hapo ndipo. Mdomo ukafunguka. Gudveig akanikazia macho, watalii sita wakanitazama, na mimi nikasema hali ya hewa ni nzuri leo.

Mvua ilikuwa inanyesha.

Gudveig akacheka puani. Akaniambia we Oddlaug nenda nyumbani, maji yanakuingia kwenye viatu. Nikamwambia viatu vyangu vimeona maji kabla hajazaliwa. Akanikumbusha kwamba amenitangulia kuzaliwa kwa wiki tatu. Mwone! Hata hilo ni la kuringia.

Jumatano, 18 Juni

Mpango wa pili. Barua bila jina.

Nimeiandika kwa mkono wa kushoto ili nisijulikane. Shule yetu ilikuwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, na kwangu mimi siku za hapana ndizo zilikuwa nyingi, maana kushuka mwambani kulikuwa kazi. Kwa hiyo mkono wa kushoto na wa kulia haiachani sana. Nimeandika hivi:

*Ngazi ni ya Bratthammer. Usiniamini mimi. Nenda halmashauri, soma ripoti ya mkaguzi, karatasi hazidanganyi. Ni mimi, mtu anayejua.*

Safi! Fupi, kali, haina majivuno ndani.

Barua tupu hutupwa, hilo nalijua, mimi mwenyewe huzitupa. Kwa hiyo nimeiweka juu ya lefse, ndani ya kopo, nikaliacha mlangoni kwa Tiril na kuondoka mbio. Mbio zangu. Goti limelia njia nzima kama mlango wa zizi.

Nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 19 Juni

Hodi asubuhi. Tiril mlangoni, kopo mkononi. Limeoshwa, limefutwa. Ahsante sana bibi, anasema, lefse zilikuwa tamu kuliko zile za juzi.

Nikamwambia kopo gani, sijui kopo lolote, wala barua yoyote siijui.

Akasema hajataja barua. Kisha akaligeuza kopo taratibu, akanionyesha chini.

Utepe mweupe. Herufi kubwa, mkono wangu wa kulia: ODDLAUG BRATTHAMMER.

Miaka arobaini ya dugnad, kazi za kujitolea kijijini! Miaka arobaini ya kupeleka keki kanisani, shuleni, kwenye kusafisha gati, na kila mwanamke wa kijiji hiki huandika jina chini ya kopo lake ili lirudi. Mkono uliandika zamani, kichwa kikasahau. Nikasema labda limeibwa.

Hakucheka, na hilo nimemwandikia kwenye mema yake. Akasema kesho hana zamu, na kwamba hakuna anachokipenda duniani kama karatasi kuukuu. Anakwenda halmashauri! Atasoma ripoti yenyewe! Na Jumamosi atawasomea wote!

Nimecheza jikoni. Peke yangu, na ufagio. Paka ametoka nje.

Ijumaa, 20 Juni

Synne amefika. Amekonda. Nimempa uji wa malai mpaka akaomba msamaha.

Nimemwambia kesho asikilize kipaza sauti vizuri, hasa upande wa kushoto. Akauliza kuna nini upande wa kushoto. Nikamwambia ndege.

Limebaki jambo moja: uso wa Gudveig. Ushindi bila kuuona uso wake ni kahawa bila maji ya moto. Lakini ndani ya basi kila mtu ana kiti chake kwa miaka kumi na moja sasa, yeye mbele kulia, mimi nyuma ya dereva, na mtu hahami. Botini lazima akae ubavuni pangu.

Basi nimekwenda kumkaribisha kwenye benchi langu. Mimi! Sijamkaribisha popote tangu mwaka themanini na saba, alipokata mashina yangu ya rubabu, mboga ya kupikia jamu, na kusema yalikuwa upande wake.

Alifungua mlango, akanitazama juu mpaka chini, akauliza nani amekufa.

Nikamwambia hakuna, ni jua tu, na benchi langu ni pana. Akasema haya, atakuja, na ataleta keki. Kisha akasema neno la ajabu: kwamba mambo mengine ya zamani ni bora yaachwe huko juu mwambani. Aha! Ameanza kuogopa!

Jumamosi, 21 Juni

Siku gani hii!

Basi lilipanda kona kumi na moja. Kjetil, dereva, aliendesha kama anayefukuzwa na wakwe. Juu tukanywa kahawa ya chupa, tukala mkate wa jibini ya kahawia tuliotoka nao nyumbani, maana hakuna mwenye akili anayenunua mkate mkahawani. Mwenyekiti wa chama alitukaribisha kwa hotuba, hakuna aliyesikia, tukapiga makofi.

Kisha boti. Mawingu yakafunguka! Maji ya kijani, maporomoko yanadondoka meupe kama maziwa, Wajerumani wamejazana na kamera. Nilikalia benchi langu, Synne kushoto, Gudveig kulia na keki yake ya lozi mapajani. Ilikuwa keki nzuri. Naandika hapa tu.

Tiril akashika kipaza sauti. Tukapita Liaskar. Akasema: tazameni ndege.

Ndege! Nilimgeukia Gudveig. Amekuwa mweupe kama jibini ya mbuzi. Nikajikatia kipande cha pili cha keki. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu nilipopata mashine ya kufulia.

Boti ikageuka. Ile pale, Bratthammer! Paa limeinama, lakini lipo. Tiril akamwomba nahodha apunguze mwendo. Akasema kwa miaka mitatu amewadanganya watu bila kujua, na kwamba ngazi maarufu ilikuwa hapa, kwa baba yake bibi aliye nasi leo. Watu wakapiga makofi! Synne akanishika mkono, akaninong'oneza bibi, mbona hukuniambia? Nikatazama maji, kama mtu asiyetaka makuu.

Ingeishia hapo.

Lakini Tiril akatoa karatasi. Akasema ripoti ya mkaguzi ni tamu kuliko hadithi yenyewe, akaanza kusoma. Siku ya tatu, anaandika yule mkaguzi, nilimwona mtoto wa kike ukingoni, miaka mitano, amefungwa kamba kiunoni asianguke, kama wafanyavyo watu wa huko. Nilimwonyesha kipande cha sukari. Mtoto aliniteremshia ngazi. Jina lake ni Oddlaug. Mbuzi: arobaini na mmoja.

Akayasoma kwa Kinorwe. Kisha kwa Kiingereza. Kisha, Mungu amsamehe, kwa Kijerumani.

Boti nzima ikanigeukia. Mjerumani mmoja akanipiga picha. Synne alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, anasema bibi, bibi, ulimuuza babu mkuu kwa sukari! Kjetil, aliyeacha basi na kupanda boti nasi, alilia machozi. Nilifikiria kuruka, lakini maji yana baridi ya kuua na nilikuwa nimevaa sweta jipya.

Basi na niandike ukweli hapa, kwa kuwa Wajerumani wanaujua. Ndiyo. Ni mimi. Sukari ilikuwa ya mgawo, nilikuwa sijaionja tangu Krismasi, na kamba yangu ilifika mpaka kwenye ngazi barabara. Nilidhani yule bwana anahesabu mbuzi tu. Kumbe aliandika na sukari! Baba alimlaumu beberu mpaka siku yake ya mwisho. Mimi nilinyamaza. Beberu akala lawama, na sisi vuli ile tukamla beberu.

Synne alipoinuka sakafuni alinikumbatia, akasema sasa amejua anatoka kwa nani, na kwamba hajawahi kufurahi hivi. Nikamwambia apanguse pua.

Ndipo Gudveig akanishika kiwiko. Akasema taratibu, we mjinga we. Unadhani mimi nilitaka ngazi yenu? Baba yangu alimsikia mkaguzi akisimulia kisa cha sukari, kwa masikio yake, nimelijua hilo toka utotoni. Tiril alipoanza kuuliza habari za ngazi, nikasema ni yetu, asije akachimbua karatasi. Miaka mitatu nampikia wafo kwa ajili yako, na wewe mwenyewe unamtuma halmashauri!

Nikakiweka chini kipande changu cha keki. Mimi! Nikamuuliza kwa nini basi. Akasema kwa sababu mkaguzi alipotoka kwetu alivuka kwenda kwao, na kule Liaskar kulikuwa na msichana mwingine wa miaka mitano, aliyemwonyesha pango walimofichwa mbuzi.

Nikamtazama. Akanitazama. Akasema: mimi alinipa vipande viwili.

Tulicheka! Wanawake wawili wa miaka themanini na miwili, tumeshikana, tumelowa machozi, makombo ya keki kila mahali. Tulicheka mpaka gatini. Mwenyekiti aliuliza kama tuna dawa zetu.

Jumatatu, 23 Juni

Leo moto wa katikati ya kiangazi, kijiji kizima ufukweni. Nilipopewa kahawa nilipewa na kipande cha sukari. Kila mtu! Nimehesabu kumi na vinne mfukoni. Kjetil ameleta pakiti nzima na kuniuliza kama nina ngazi. Nimemwambia nina fimbo.

Lakini si haba. Boti za jana zote mbili zilisimama chini ya Bratthammer. Watu walipunga mikono. Jina la baba limesemwa kwa lugha tatu, na Synne amerudi Bergen na picha ya paa letu. Nimepata nilichokitaka. Gudveig alikaa nami motoni, tukala soseji, akaniachia kopo lake lenye keki iliyobaki. Rafiki ni Gudveig. Moyo safi. Nimemsamehe rubabu.

Ila jambo moja halinikai vizuri.

Vipande viwili?

Kwetu ndiko alikoanzia. Mfuko ulikuwa umejaa. Kwa nini anipe mimi kimoja, kisha yeye viwili? Mimi niliteremsha ngazi nzima, ya mti, peke yangu, nimefungwa kamba! Yeye alinyoosha kidole tu. Na amelitangaza hilo motoni, mbele ya watu, mara mbili, huku anatabasamu. Sasa kijiji kizima kinaamini kwamba msichana wa Liaskar alikuwa na thamani mara mbili ya msichana wa Bratthammer.

Kipande changu kilikuwa kikubwa. Nakumbuka sasa. Kikubwa kama yai la kuku. Pengine la bata.

Mtu hajisifu. Lazima aseme Tiril.

Nimekwisha kuandika barua, mkono wa kushoto, bila jina. Nimepika na lefse. Na safari hii sikamatwi, nimejifunza: kopo langu limebaki kabatini. Nimezitia kwenye kopo la Gudveig.