Mwokota Herufi wa Aziziya

Leo nimepewa sadaka.

Mimi. Bi Zuhura wa mkaa. Mwenye nyumba mbili Tanga, na moja ina ghorofa (ngazi bado, lakini ghorofa ipo). Nimepewa sadaka barabarani, asubuhi kweupe, na nikaipokea kwa mikono miwili!

Nawaandikia mwenyewe, wenzangu wa Tanga, kwa kidole kimoja, kabla hamjaletewa video. Maana video ipo. Wengine mtaiona na mtajifanya hamjaiona, nawajua. Basi yasikieni kwanza kutoka kwa mwenyewe.

Mnajua nilikuja huku kwa wanangu. Nilianzia Riyadh kwa Hamisi, pale Murabba. Miezi minne! Miezi minne nimefungiwa ndani kama kuku anayeatamia. "Mama usitoke, jua. Mama usitoke, magari. Mama usitoke, utapotea." Mimi niliyefuata mkaa porini Handeni nikirudi juu ya magunia ya lori, leo nipotee njia ya dukani? Kazi yangu ikawa kutazama dirisha la jirani. Jirani naye ananitazama mimi. Hatujawahi kusalimiana mpaka leo.

Nikasusa kula. (Siku moja. Ya pili nilikula.) Ndipo nikaletwa Jidda, kwa binti yangu Salma, muuguzi, anakaa ghorofani huku Aziziya. Nikamwambia mimi ni mtu wa kutembea, nisipotembea magoti yanakufa. Wakapigiana simu yeye na kaka yake, nami nimekaa pale pale nasikia, wananijadili kama mtoto anayeachishwa ziwa.

"Wiki mbili za kujaribu," Hamisi akasema. "Asubuhi atoke, aende mpaka bakala, kile kiduka cha kona, anunue mkate, arudi. Kikitokea kisa hata kimoja, Salma, namrudisha Riyadh."

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya hizo wiki mbili. Siku kumi na tatu nimekwenda na kurudi kama saa ya ukutani. Ilibaki leo tu. Leo!

Sasa nyie mliosoma chuo cha Kurani kwetu mnajua. Maalimu alitufundisha nini? Karatasi yenye herufi za Kiarabu haikanyagwi. Ukiikuta chini unaiokota, unaibusu, unaigusisha kwenye paji la uso, unaichomeka juu ukutani. Ukiikanyaga, bakora. Mimi shule nimeishia darasa la tatu, lakini chuoni nimehitimu. Herufi nazisoma zote, kwa madda na ghunna, pa kuvuta navuta, pa puani napitisha puani. Maana yake sijui, hiyo ni kazi ya masheikh.

Tanga karatasi kama hiyo unaikuta mara moja kwa mwaka. Huku je? Huku kila kitu kimeandikwa! Kopo la maziwa. Kifuko cha bisi. Sabuni. Pampasi, jamani, pampasi! Siku ya kwanza niliteremka kununua mkate nikachukua saa nzima kufika kona. Salma akaniona narudi na kifurushi, akasema, "Mama, hayo ni matangazo ya kuku." Nikamwambia, kuku au si kuku, alif ni alif. Akaingia jikoni.

Basi leo asubuhi nimeamka nimefunga, ni Jumatatu, sunna. Nikavaa abaya, nikajifunga kanga kiunoni juu yake ili abaya isinizuie, nikachukua na mfuko. Kutoka nje, nikashika kichwa. Upepo ulikuwa umevuma, na kuna hoteli mpya imefunguliwa, wamechomeka karatasi zao kwenye kila gari. Zote zimemwagika. Njia nzima nyeupe! Zinakanyagwa na magari!

Nikaanza. Inama, okota, busu, paji la uso, mfukoni. Inama, okota, busu. Mgongo unalia lakini moyo una raha. Mfuko ukajaa, nikashindilia.

Nikafika kwenye lile pipa kubwa la chuma la taka, mkabala na jumba lenye geti la kahawia. Ndani nikaona gamba la kitabu. Gamba zuri, herufi za dhahabu! Liko chini kabisa, limeegemea maganda ya tikiti. Nikasema Zuhura, hili ukiliacha utaulizwa. Nikapanda kwenye tofali. Nikainama. Mkono haufiki. Nikainama zaidi. Miguu ikaachana na tofali.

(Hapo ndipo video inapoanza. Endeleeni tu kusoma.)

Nilining'inia kidogo. Sitasema muda gani. Nikalipata gamba, nikajivuta, nikatoka, kipande cha tikiti kiko begani, nikalibusu gamba langu. Kugeuka, gari jeupe limesimama. Ameshuka mwanamke wa Kiarabu, kajifunika, macho tu. Na macho yale yamejaa machozi!

Nikaelewa mara moja. Huyu ni mwanamke wa dini. Ameona mtu mzima anavyoheshimu maandiko, imani imemshika. Nikauweka sawa ushungi.

Akasema maneno mengi taratibu. Nikajibu, "Alhamdulillahi." Akaonyesha mdomo wake, kisha tumbo, anauliza kwa kichwa. Nikajua, ananiuliza kama nimefunga. Sasa mtu hatangazi funga yake kwa mdomo, thawabu hupotea. Nikashika tumbo, nikatikisa kichwa taratibu: hakuna kilichoingia. Tangu alfajiri.

Akafuta machozi.

Akaonyesha kimo cha mtoto, akauliza tena. Nikaonyesha vidole viwili. Wako wapi? Nikasema, "Riyadh," nikapunga mkono kule mbali. Kisha nikaonyesha juu ya nyumba zetu, nikaiga kupiga sindano, kwamba mwingine ni muuguzi. Akafunika uso kwa viganja. (Sasa ndiyo najua alivyoelewa ile sindano. Alidhani mtoto wangu ni mgonjwa!)

Nikaona bora nimtulize. Nikachomoa karatasi moja mfukoni, ile inayong'aa, nikamsomea. Haikuwa na irabu, nikajitilia mwenyewe. Nikavuta madda. Nikapumzika panapostahili. Sauti yangu mnaijua, hata msibani kwa marehemu mume wangu walisema ina mvuto. Nikamaliza, nikaibusu.

Yule mama ameduwaa.

Akageukia lile geti la kahawia, kumbe ndiko kwake, akaita. Akatoka dada mmoja mweusi mwenzetu, simu mkononi ameielekeza kwangu, kumbe alikuwa pale muda wote. Nikasimama vizuri, nikatabasamu, kidevu juu. Akatumwa ndani, akarudi na sinia: mikate, mayai, jibini, asali, tende. Na mfuko wa viatu. Na blanketi. Blanketi! Jidda hii, ukianika samaki anaiva!

Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kumtunza mwanachuoni. Nikapokea. Sikula, nimefunga, nikavifunga vizuri kwenye kanga niende navyo nyumbani. Yule mama kuona navihifadhi, akalia kwa sauti.

Ndipo yule dada akasogea. "Shosho," ndiyo bibi kwa Kikenya, "wewe ni wa Kenya ama Tanzania?"

"Tanga."

"Mimi naitwa Nekesa, wa Bungoma. Shosho, madam anasema pole sana. Anasema usikule tena kutoka kwa pipa."

"Pipa gani?"

"Hilo umetoka ndani."

Jamani. Nilihisi damu imepanda mpaka kwenye nywele.

"Nani anakula pipani? Mimi? Mwambie! Mwambie mimi nina nyumba mbili!"

"Shosho, sasa nikimwambia hivyo..."

"Mwambie! Moja ina ghorofa!"

Akamwambia. Yule mama akanishika mkono, akaupapasa, akasema neno kwa huruma.

"Amesema nini?"

"Amesema inshallah, Mungu atakupatia."

"Ninazo tayari!"

Nekesa akatafsiri.

"Amesema amina."

Ningekuwa na gunia la mkaa karibu ningejimwagia. Nikavuta pumzi, nikamweleza Nekesa habari yote: maalimu, bakora, alif, karatasi haikanyagwi. Nekesa akatafsiri polepole. Yule mama akautazama mfuko wangu. Akautazama uso wangu. Akanibusu kichwani, akasema bibi yake mzaa baba alikuwa hivyo hivyo, akiokota hata gazeti. Nikapoa kidogo.

"Lakini shosho," Nekesa akaongeza, midomo inamchezacheza, "madam anauliza kwa nini umemwimbia kuku nusu na viazi karai."

"Nini?"

"Ile karatasi ulisoma. Ni menyu. Kuku nusu, viazi, kachumbari, na soda ya bure."

Wote wawili wakaangalia chini. Mabega yao yanatikisika. Na mimi nilikuwa nimeipigia madda ile soda!

"Na wewe ulikuwa unafanya nini na hiyo simu?"

Nekesa akaacha kucheka. "Shosho usikasirike. Nilikuwa nishatuma. Kwa kikundi chetu cha wadada, wakutafutie watu wako. Nilidhani umepotea. Walahi ni kwa uzuri."

Nikaona si neno. Wadada wa Kenya, nani ananijua? Nikabeba furushi langu (kurudisha chakula cha mtu ni utovu wa adabu), nikapanda ngazi, nikakaa kitini. Nikasema, Zuhura, hakuna aliyejua. Salma yuko kazini. Kesho uko huru.

Simu ikalia ting. Ni kikundi cha Watanzania wa Riyadh. Bado nimo, Hamisi aliniingiza ili nimsikie anavyohutubia. Yeye ndiye mwenyekiti.

Nafungua, kumbe wale wadada wameirusha mpaka huko. Video. Pipa la taka. Kutoka ndani ya pipa, kiuno cha mtu mzima na miguu miwili inaogelea hewani. Kanga yangu ya njano inapepea kama bendera ya chama!

Na chini yake, sauti ya mwanangu, ile nzito ya mikutanoni:

"Ndugu zangu, hili ni jambo la kusikitisha. Mama mtu mzima, ndani ya pipa! Kwa kanga hiyo, huyu ni wetu. Nauliza, watoto wake wako wapi? Ni mtoto gani huyo anakula, analala, mama yake anachakura taka? Hiyo ni laana, ndugu zangu. Tumtafute mama huyu tumsitiri."

Wakafuatana wenzake. "Sahihi mwenyekiti." "Watoto wa siku hizi hawana haya." "Wanyimwe radhi kabisa!"

Kisha mmoja akaandika: "Mwenyekiti, umeitazama mpaka mwisho?"

Mwisho wake ni mimi mzima, nimetabasamu, kidevu juu.

Simu ikaita.

"Mama."

"Naam, mwenyekiti."

"Mama, ulikuwa unafanya nini ndani ya pipa?"

"Wewe ulikuwa unafanya nini usinijue? Mgongo huu umekubeba miaka miwili juu ya magunia, umeukojolea, leo unaita watu waje kuutafuta!"

"Mama, watu wote wameona. Nimeadhirika. Tulikubaliana. Alhamisi nakuja kukuchukua."

Hapo moyo ukaniruka. Nikaliona lile dirisha. Nikamwona yule jirani. Nikasema hapana, mkaa haukunifundisha kushindwa na mtoto niliyemzaa mwenyewe.

"Njoo," nikasema. "Nichukue. Tukifika nitabonyeza hapo pa kutolea sauti, nijibu swali lako. Umeuliza watoto wake wako wapi. Wenzako wanasubiri."

Nilimsikia akimeza mate kutoka Riyadh.

"Mama, tusifike huko."

"Nitaanza na ile miezi minne. Nitawaeleza na dirisha."

"Mama..."

"Nakusikiliza, mwenyekiti."

Akakata simu. Baada ya dakika kumi akaandika kwenye kikundi kwamba yule mama amepatikana, ana familia nzuri, mjadala umefungwa. Familia nzuri! Akajisifu mwenyewe!

Salma amerudi kazini macho mekundu. Nikadhani amelia kwa aibu yangu. Kumbe wenzake wamemwonyesha ile video wodini na amecheka mpaka amekalishwa kitini. Amejaribu kunigombeza mara tatu, kila akifika kwenye viazi karai anashindwa. Mwishowe, wakiwa wawili kwenye simu, wametoa hukumu yao. Nibaki Jidda. Nitoke kila asubuhi, hata nikipita bakala niende mbele. Kutembea ruhusa, kuinama marufuku.

Nimekubali. Maalimu, huko uliko, usininyanyulie bakora, nimebanwa.

Na nyie wenzangu, mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize. Nikirudi Tanga sitaki kuona jino la mtu.