Mililaki Arobaini Iliyokufa kwa Azimio

Kurugenzi ya Kijani na Heshima ya Mji wa Studenjak inayo furaha kuutangazia umma kwamba mililaki yote arobaini iliyopandwa mbele ya jengo lake imekufa kwa mafanikio makubwa, ndani ya muda uliopangwa na kwa kufuata taratibu zote.

Mimi ndiye mtunza majalada wa Kurugenzi. Mwaka wa thelathini na moja huu niko chumba cha chini na makaratasi na bomba linalovuja. Kazi yangu ni kukumbuka, na nakumbuka.

Nakumbuka kwamba uwanja ule, kati ya jengo letu na ghorofa za wafanyakazi, ulikuwa na ua mrefu wa mlilaki, kichaka cha maua yenye harufu tamu. Wanawake wa kiwanda cha nyuzi waliupanda wenyewe, siku za Jumapili, kwa majembe ya kuazima. Mwezi wa Mei, maua ya zambarau yakifunguka, mtu akipita pale alisahau alikuwa anakwenda wapi. Mwaka 2009 Kurugenzi iliukata wote asubuhi moja, ili kuukinga na uzee. Watu wakapiga kelele miaka kumi na minne. Kurugenzi, ambayo haikurupuki, ikasikia.

Ikasikia hivi: miche mipya arobaini itapandwa. Ikishika, uwanja ni wa wananchi. Isiposhika hadi tarehe mosi Septemba, uwanja utakuwa maegesho ya magari tisa ya viongozi. Azimio hilo lilitiwa saini na Mkurugenzi Radoman Pipović, ambaye gari lake ni la kwanza kati ya hayo tisa.

Tulipanda Julai, katika joto la kuyeyusha lami, kwa sababu Waziri alikuwa anakuja Julai. Mlilaki huchanua Mei. Kosa hilo ni la mlilaki, nasi tulilirekebisha kwa maua ya karatasi na waya. Miche ilifukiwa pamoja na vyungu vyake vya plastiki, kwa kuwa kila chungu kina namba ya mali ya umma, na mali haitenganishwi na namba yake. Maji yalimwagwa na gari la zimamoto, saa sita mchana, juu ya majani, sekunde arobaini, mpaka mpiga picha aliposema inatosha.

Wiki ya pili majani yakajikunja. Tume ikaundwa: Mkurugenzi mwenyekiti, mkwewe mjumbe, mimi katibu. Tulitoka nje kuwatazama wagonjwa.

"Nimeshajua," alisema Mkurugenzi, akifunga kola. "Ni upepo."

"Upepo gani, mkwe?" mjumbe aliuliza. "Hakuna hata jani linalotikisika."

"Upepo wa kupenya! Dirisha letu wazi, la ghorofani kule wazi, na katikati kichanga cha mti. Ungekuwa wewe ungepona?"

Hakuna aliyebisha. Kwetu Serbia mtu hufa kwa upepo wa kupenya hata kama amekanyagwa na gari moshi. Mjomba wa Mkurugenzi alikufa hivyo. Daktari aliandika moyo, lakini familia inajua.

Tume ikaazimia mawili. Kwanza, madirisha yote ya Kurugenzi yanayotazama uwanja yapigiliwe misumari, na misumari isiondolewe mpaka uwanja utakapokuwa maegesho. Pili, kila mche ufungwe soksi iliyoloweshwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, kama afanyiwavyo mtoto mwenye homa. Chupa ishirini za rakia zilitoka stoo. Soksi zilifungwa zikiwa na unyevu kidogo tu, kwani kikao kilikuwa kirefu.

Siku iliyofuata, alfajiri, bibi mmoja alionekana uwanjani na ndoo. Alikuwa Stamenka, miaka sabini na sita, mstaafu wa kiwanda cha nyuzi. Nilitumwa kumpa onyo la maandishi.

"Bibi Stamenka, una kibali cha kumwagilia?"

"Na wewe una kibali cha kuniziba mwanga? Weka hilo likaratasi lako chini, jirani. Shika hapa. Vuta."

Nikavuta, kwa niaba ya Kurugenzi. Mche ukatoka na chungu chake. Alikipasua kile chungu cha plastiki kwa kisu cha jikoni, na ndani mizizi ilikuwa imejizungusha yenyewe, inatafuta mlango.

"Mmemvika kiatu cha mtoto halafu mnamlaumu hatembei," alisema. "Na hii soksi ni ya nani?"

"Ya mjumbe."

"Inanuka mjumbe."

Akakwaruza gome kwa ukucha wa dole gumba. Chini yake palikuwa kijani, kijani mbichi kabisa. Akaniinulia ule mche usoni.

"Huyu hajafa. Amewachoka tu."

Wiki ile nzima, kila alfajiri, wanawake wa ghorofani walishuka na vijiti vya kuchokolea mizizi. Ncha zilizokauka wakazikata. Kila mche ukawekewa ndoo kuukuu yenye tundu la msumari kitakoni, maji yakadondoka polepole hadi chini kabisa, mara mbili kwa wiki na si zaidi. "Mlilaki si bata," bibi Stamenka aliwaambia waliotaka kuongeza. Juu ya mizizi wakatandika majani makavu ya ngano. Vyungu arobaini vilivyopasuliwa walivipanga mlangoni kwetu, namba zikitazama nje.

Mwishoni mwa Agosti machipukizi yalikuwa yametoka, madogo kama masikio ya panya. Mkurugenzi hakuyaona. Vioo vilikuwa na vumbi na madirisha hayafunguki. Tarehe ishirini na nane Tume ilikutana ndani, kwa kuogopa upepo, ikapiga kura: mililaki imekufa, ifutwe kwenye rejista, uamuzi ni wa mwisho na haukatiwi rufaa. Niliandika nakala tatu kwa mwandiko wangu bora. Sijawahi kugonga muhuri kwa moyo mweupe kama siku ile.

Tarehe mosi, Cvetko, dereva wa kijiko, alifika na mtambo wake. Akakuta wanawake wamekaa kwenye vigoda katikati ya vichaka, wanakunywa kahawa. Akazima injini. Mkurugenzi akatoka mbio.

"Unangoja nini? Ng'oa!"

"Karatasi, bosi. Mti mbichi siugusi bila kibali. Mwaka juzi niling'oa mmoja, leseni ikakaa kwenu miezi sita."

"Katibu! Mwandikie kibali!"

"Cha kung'oa nini, mheshimiwa?" niliuliza.

"Mililaki! Huioni?"

"Kwenye rejista haimo. Ilikufa tarehe ishirini na nane kwa saini yako. Kisichokuwepo hakina kibali."

"Basi andika iko hai!"

"Ikiwa hai, imeshika. Ikishika, uwanja ni wa wananchi. Saini yako pia."

Cvetko aliomba kahawa, akapewa. Ndipo bibi Stamenka akasema, bila ukali wowote:

"Radoman, mwanangu, usisimame hapo katikati, upepo. Njoo huku. Pale uliposimama ndipo mama yako alichimba shimo lake, mwaka ule tulipopanda. Alichimba vizuri kuliko sisi sote."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Kisha akarudi ndani.

Mei hii mililaki imechanua. Michache bado ni dhaifu, lakini harufu inafika ghorofa ya nne. Ofisini kwetu haifiki. Misumari haiwezi kutolewa mpaka uwanja uwe maegesho, na Mkurugenzi amekaa nyuma ya kioo, shati limemganda mgongoni, anatazama.

Juzi aligonga kioo kwa kidole, akaniashiria anataka tawi moja la kuweka kaburini kwa mama yake. Nililifikisha ombi. Bibi Stamenka alikuwa amekaa juu ya chungu cha umma kilichopinduliwa, akalisikiliza hadi mwisho.

"Atapata," alisema. "La mama yake atapata. Ila ashuke mwenyewe, aje na ndoo ya kumwagilia, na asimame nyuma ya Cvetko. Kuna foleni."