Wenye Moyo Wajaze Fomu Namba Saba

Napenda kuutangazia umma kwamba kujitolea ovyo ovyo kumekoma. Kabla ya kuundwa kwa Idara ya Uratibu wa Kujitolea, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza ndiye mimi, hali ilikuwa inatisha. Mtu anaona mtaro umeziba, anachukua jembe, anauzibua, anarudi kwake kuoga. Hakuna jalada wala muhuri. Mpaka leo hatujui mitaro ile ilizibuliwa kwa utaratibu gani.

Tulianza na suala la muda. Uchunguzi wetu ulibaini kwamba watu wengi hupata nafasi Jumatano mchana, kwa hiyo tukapanga kuwahudumia Jumatano, saa nane hadi saa kumi. Mwenye muda wa kujitolea alikuja kuumalizia kwetu, kwenye benchi la nje ya ofisi yangu.

Wa kwanza kulikalia alikuwa fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nataka kushona mashuka ya wodi ya wazazi," alisema. "Mjukuu wangu amezaliwa njiti, bado yuko pale na mama yake. Mashuka yamechanikachanika, wanalalia mpira wa godoro. Mtoto ameanza kutoka vipele mgongoni. Jumatano mchana sina wateja, saa mbili zinanitosha."

"Una moyo wa kujitolea, mama?"

"Ninao."

"Cheti chake kiko wapi?"

Nilimweleza kwa upole kwamba moyo ni kiungo cha mwili, na kiungo huthibitishwa na daktari. Jumatano ya pili akaleta cheti. Daktari alikuwa ameandika kwamba moyo ni mzima, lakini hakusema kama ni wa kujitolea au wa kawaida tu, tukamrudisha. Jumatano ya tatu alikutwa ameshona pazia la ofisi yetu, lililochanika tangu siku tunafungua, bila kibali cha mtu yeyote. Nikamwandikia barua ya onyo. Aliikunja, akaitia mkobani, akauliza kama jua bado linanipiga machoni. Lilikuwa halinipigi tena, ila hilo halikuhusiana na onyo.

Jumatano ya nne tulizindua Fomu Namba Saba. Wapiga picha walikuja. Kama kiongozi, niliazimia kuwa mfano, niwe mtu wa kwanza nchini kujitolea kihalali. Fomu aliichapa naibu wangu, mtu mpole, asiyekosea hata mkato. Nakala tatu zikawekwa mezani. Fundi, aliyepewa ya kwake aipitie, akanyanyuka kwenye benchi.

"Baba mkurugenzi, ungeisoma kwanza."

"Mama, fomu haisomwi. Fomu inajazwa."

"Mimi yangu siijazi."

"Basi moyo huna," nikasema, na watu wakacheka. Nilitia sahihi zote tatu kwa madaha na kuzigonga muhuri mwenyewe. Kanuni ya idara, niliyoitunga mimi, inasema kilichogongwa muhuri hakibatilishwi.

Jumatatu nikamkuta naibu amekalia kiti changu. Alisimama kwa heshima, kisha akakaa tena.

"Mzee, tumepokea uamuzi wako kwa masikitiko makubwa," alisema, akanisogezea nakala.

Niliisoma kwa mara ya kwanza. *Mimi, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa, najitoa katika idara hii kuanzia leo.*

"Hapa palitakiwa 'najitolea'," nikasema.

"Ni kweli. Zimeruka herufi mbili."

"Sasa zirudishe."

"Tatizo muhuri, mzee." Alionekana kuumia kabisa. "Lakini rufaa zinapokelewa. Jumatano, saa nane hadi saa kumi."

Jumatano nikaenda. Benchi lile ni gumu, na mguu mmoja ni mfupi, kwa hiyo ukipumua linacheza. Fundi alisogea nipate nafasi. Tulisubiri mpaka saa tisa. Naibu akachungulia dirishani, akaniuliza kama nimekuja na cheti cha moyo, akafunga pazia. Linafunga vizuri sana.

Niliona aibu, nasema wazi. Nikamuuliza fundi mjukuu anaendeleaje.

"Vipele vimeshuka hadi kiunoni," alisema. "Leo nimekuja kuaga tu. Muuguzi wa wodi kaniambia nipitie mlango wa jikoni, cherehani ninayo kwenye toroli hapo nje. Wewe una muda?"

Nilitazama saa yangu kwa mazoea. Muda ninao, mwingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhudumia.

Nikasukuma toroli. Mlangoni muuguzi alinikagua kuanzia tai hadi viatu.

"Na huyu?"

"Huyu amejitoa," fundi akasema. "Anatafuta herufi zake mbili."

Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni kutoa kitambulisho. Muuguzi hakukitaka. Alinipa ncha moja ya shuka, yeye akashika ya pili, akasema, "Vuta."