Kinanda Changu na Upande wa Pili wa Santuri

Jumatatu, 4 Oktoba 1971
Upande wa kwanza wa santuri yetu umekamilika. Upande wa pili mtupu! Dakika ishirini zinangoja mwenyewe, na Jumamosi bwana wa kampuni ya santuri anakuja kutoka Hamburg kusikiliza. Roswitha, fundi wetu wa sauti, kasema ataweka kitu ambacho sikio halijapata kukisikia. Mimi nina kinanda. Volkmar ana ngoma zake, na mdomo. Studio tuliyopanga hapa kijijini, na tunamolala pia, ni kiwanda cha maziwa kilichofungwa, na tangu asubuhi najiuliza: nikitumbukiza spika ndani ya tangi la maziwa, kinanda kitaliaje? Nimejaribu. Kimelia kama ng'ombe anayeota ndoto. Nilikaribia kulia na mimi kwa furaha. Dakika hizo ni zangu, hata kwa hila.

Jumanne, 5 Oktoba
Bi Häberle, mwenye nyumba, katundika kibao cha zamu kwenye mlango wangu. Wiki nzima nifagie ngazi, ua na barabara ya mbele, majirani wakichungulia nyuma ya mapazia. Mimi, mtu wa Bremen! Nimekihamishia kwa Volkmar. Yeye Mswabia wa kuzaliwa, mtu wa huku huku kusini, ambako kufagia ni dini. Akiona kibao hicho, mkono wenyewe unafuata ufagio. Hakuuliza hata swali moja. Yeye afagie, mimi nirekodi. Akili ni mali!

Jumatano, 6 Oktoba
Nimepiga kinanda kama sina kesho. Roswitha kasikiliza, kakunja uso, karudisha kanda nyuma. Kuna kitu kinasema shwaa, shwaa. Dirisha lilikuwa wazi, maikrofoni imemnasa Volkmar akifagia uani. Nikaomba radhi, nikasema turudie dirisha likiwa limefungwa. Akasema turudie, ndiyo, ila mimi ninyamaze ili ufagio usikike. Ninyamaze! Volkmar kacheka hadi kapaliwa na dengu alizokuwa akila. Kaniambia, "Pole, kaka. Ufagio una roho. Kinanda chako kina umeme tu."

Alhamisi, 7 Oktoba
Nimekirudisha kibao mlangoni kwangu. Kama ni ufagio, basi ufagio! Nimefagia kwa mdundo: vifuniko vya chupa, kokoto, majani makavu. Kila kimoja kina sauti yake, sikujua. Nikasahau hata nilichokuwa natafuta. Bi Häberle akafungua dirisha, akauliza nafagia au nampapasa paka. Akashuka na aproni yake, akaninyang'anya ufagio, akanionyesha, huku akinisema mimi, mama yangu na Bremen nzima. Maikrofoni zote wazi! Roswitha kapunguza kasi ya kanda, na masimango ya yule mama yamegeuka ngurumo inayobingirika mbali. Nywele zimenisimama. Kitu kizuri, tena kizuri mno, na nakichukia kwa moyo wote. Kwa hiyo upande wa pili ni ufagio wa Volkmar na sauti ya Bi Häberle. Kinanda hakimo.

Jumamosi, 9 Oktoba
Saa saba hadi saa tisa mchana kijiji kizima hunyamaza, amri isiyovunjwa. Volkmar kalala. Roswitha kaenda kutembea mtoni. Nikaingia na wembe. Nimekata kanda ya Roswitha! Nikapachika kipande cha kinanda katikati ya ufagio.

Bwana wa kampuni kaja, kala keki ya matufaa ya Bi Häberle hadi sahani ikang'aa, kasikiliza macho kayafumba. Kufika kipande changu, kikatoka kinyumenyume! Nimekiunga mkia mbele. Sauti inazaliwa kutoka kimyani, inavimba, inavimba, halafu inakatika pap. Nikajikunyata nikingoja aibu. Bwana kasimama. Kauliza hicho ni nini. Kasema hiyo ndiyo santuri yenyewe! Kabla sijafungua kinywa, Volkmar kasema ni ufagio wake kwenye wavu wa mtaro, umechezewa kasi. Mwongo mkubwa! Lakini nitasemaje? Roswitha alishaapa kwamba atakayegusa kanda zake anafukuzwa kundini. Jina la Volkmar litaandikwa kwenye jalada, na kinanda ni changu. Roho inaniuma.

Jumapili, 10 Oktoba
Roswitha kaja peke yake na vikombe viwili vya kahawa. Kasema sikio lake halidanganyiki: ule si ufagio, ni kinanda. Tena kaona mahali kanda ilipokatwa na kuungwa vibaya. Kanitazama kwa upole wa ajabu. Hana hasira, ati. Kupiga kinanda yeyote anaweza, kasema, ila aliyekigeuza kinyumenyume ndiye aliyetunga, na jina lake ndilo atakaloliandika kwenye jalada, upande wa pili wote. Anataka tu kujua ni nani. Bwana wa kampuni, aliyelala hapa jana, yuko chini, kashawasha gari, anangoja jibu.

Mtego! Nimeuona toka mbali. Mjinga angekiri. Nimeapa kwa makaburi ya ukoo wetu wote kwamba sijashika wembe tangu nilipoanza kufuga ndevu. Kisha, kwa werevu, nikaongeza kwamba nimemwona Volkmar kwa macho yangu mawili akikata.

Roswitha kamaliza kahawa yake, kasema haya, basi akampe Volkmar hongera. Nimesikia gari likiondoka.

Nimeponea chupuchupu. Hawanipati mimi!