Oveni Isiyouzwa

Mwaka 1975 Kasian alihama Kilosa kwa sababu za kiafya: kulikuwa na watu kule walioapa kumvunja miguu. Alishuka Mikumi kutoka kwenye lori la Zambia akiwa na kaunda suti ya kijivu, akapanga chumba cha uani kwa Letisia, mjane wa kutoka milima ya Vidunda.

Maofisa wa kilimo walikuwa wamehimiza soya. Watu wakaipanda, ikaota, kisha wakabaki wanaitazama. Letisia hakuitazama. Aliichuma ingali kijani, akaichemsha kidogo, akaimenya, akaikausha kwa kanga kuukuu mpaka lisibaki tone la maji. Kisha mafuta, chumvi na pilipili, ikatandazwa kwenye sinia na kuingia kwenye oveni yake, sanduku la bati la pipa lenye makaa chini na juu. Ilitoka kavu, ya rangi ya dhahabu, na ukiitafuna jirani anasikia.

Kasian alitafuna sahani nzima, akalamba chumvi vidoleni.

"Mama, oveni hii unaiuza?"

"Siuzi."

"Vizuri sana," alisema, na alimaanisha.

Mzee Kondo alikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, na huzuni moja: madereva walikunywa bia moja moja wakaenda kulala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumba au bia?"

"Nimetumwa kwa mambo ya lishe," Kasian akasema, akammiminia soya kiganjani.

Kondo akatafuna. Akatafuna tena. Akaomba maji.

"Wewe umeomba maji," Kasian akasema kwa upole. "Dereva ataomba nini?"

Lishe ya taifa ikamtoka Kondo kichwani palepale. "Niuzie mashine inayotoa vitu hivi."

"Haiuzwi, mzee. Ni ya kata nzima."

"Kata nzima haina meno!"

Kasian akainamisha kichwa kama mtu anayepigana na dhamiri yake. Pambano halikuchukua muda. "Fedha sipokei, mimi ni mtumishi wa umma. Ila vijiji vya kutembelea ni vingi, na miguu yangu ndiyo hii."

Kondo akatupa jicho uani, ambako baiskeli mpya ilikuwa imeegemezwa ukutani. "Lete mashine kesho, uondoke na ile." Hakusema ni ya nani, na Kasian hakuwa na tabia ya kuuliza maswali ya namna hiyo.

Letisia aliambiwa wataalamu wanataka kuona anavyooka, pale kwa Mzee Kondo. Akavaa gauni la kanisani, oveni ikapelekwa kwa mkokoteni. Sinia la kwanza lilipotoka, Kondo akaonja, akamkonyeza Kasian.

"Endelea kuoka, mama," Kasian akasema. "Nakwenda kuwaleta wataalamu." Akapanda baiskeli, akashika njia ya Kidodi.

Letisia alioka mpaka soya ikaisha.

"Hawaji hawa. Ngoja nifungashe oveni yangu."

"Yako?" Kondo akashtuka. "Nimeinunua kwa bosi wako!"

"Mimi sina bosi. Nina mpangaji."

Mlango wa chumba ukafunguliwa, akatoka afande, mshauri wa mgambo, mwalimu wao wa kwata, aliyekuwa amelala tangu asubuhi. Akachota soya, akatazama ukutani. "Baiskeli yangu iko wapi?"

Letisia akautazama ukuta, kisha uso wa Kondo, akaelewa. Akalainisha sauti.

"Mzee Kondo, unasema umenunua oveni. Hebu tuambie sote, ulilipa nini?"

Afande akaacha kutafuna.

"Nani kasema nimenunua?" Kondo akafoka, jasho likimtoka. "Mimi sijampa mtu kitu chochote! Oveni ni ya mama huyu."

"Basi nisaidie kuipakia."

Akaipakia, akausukuma mkokoteni yeye mwenyewe mpaka kwa Letisia. Afande alikuwa amekwisha kukimbilia barabarani, ambako dereva mmoja alimwambia amempita mtu wa kaunda suti akikanyaga pedali kama anafukuzwa.

Kwenye kizuizi cha Ruaha, mbele ya Kidodi, mgambo waliijua baiskeli ile kuliko walivyowajua shemeji zao. Wakapiga saluti.

"Afande yuko wapi?"

Mwizi wa kawaida angekimbia. Kasian akakunjua kifua. "Anaumwa. Mimi ni naibu wake."

"Afadhali! Tunasubiri mafunzo tangu asubuhi."

Akawafundisha. Kushoto geuka, kulia geuka, juani, kaunda suti ikimng'ang'ania mgongoni. Kila alipoigusa baiskeli walimwomba zoezi jingine. Alikuwa ameanza kuipenda kazi hiyo lori liliposimama, afande akaruka chini.

"Nani amekupa baiskeli yangu?"

"Mzee Kondo, afande, kwa mkono wake." Huenda hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilosema tangu atoke Kilosa.

"Mzee Kondo ameapa mbele yangu hajampa mtu kitu. Polisi ni kule. Mbele, tembea!"

Kasian akaondoka kwa hatua safi, mikono ikipanda na kushuka sawasawa. Mgambo mmoja akamsindikiza kwa macho, akasikitika.

"Lakini afande, anafundisha vizuri kuliko wewe."