Barua ya Kutetea Kola

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka, na aliyeileta ni Wakili. Huyu hakusomea sheria hata siku moja. Jina alilipata kwa kufagia korido za mahakama miaka kumi na mitatu, na tangu alipoacha kazi hawezi kukuomba kibiriti bila kutaja kifungu. Alikaa katikati ya benchi, akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akakohoa, akasoma kwamba klabu ya gofu imelegeza masharti ya mavazi. Kuanzia mwezi ujao wachezaji wataruhusiwa kuingia na fulana zisizo na kola, ili kuvutia vijana.

Klabu yenyewe ilikuwa nyuma ya migongo yao. Benchi la kijiwe liliegemea uzio wake wa michongoma, hatua ishirini hivi kutoka geti kubwa, na mbele yake kulikuwa na mtaro, kisha barabara. Watu wa benchi hili walikuwa hawajakanyaga ile nyasi, isipokuwa mmoja, lakini kuisema walikuwa wakiisema kila asubuhi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema Mama Birika, mwenye jiko na kahawa yake, "ile mipira ilikuwa inakataa kuingia shimoni ikimwona mtu hana kola?"

"Mpira hauna neno, mama," alisema Shimo Tisa. "Wenye neno ni kamati."

Shimo Tisa ndiye huyo mmoja aliyekanyaga nyasi. Kazi yake ni kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, na jina lake limetokana na kisa cha shimo la tisa ambacho amekisimulia mpaka benchi zima linakijua kwa moyo. Siku hiyo aliachana na shimo, akaeleza ya getini. Alisema amemwona mlinzi akimpima mgeni soksi kwa rula, soksi zikapungua vidole viwili, mgeni akarudishwa. Amemwona mzee wa watu, mwenye gari refu kuliko nyumba ya mtu, akiambiwa ageuze kofia yake itazame mbele kwa sababu ikitazama nyuma inaishushia klabu hadhi. Mlinzi huyo ndiye wanayemwita Rula, na jina lenyewe analipenda.

Walicheka, wakachangia. Wakili akauliza kama nyasi nazo huchomekewa ndani kama shati. Mama Birika akasema hao watu wakizaliwa mkunga huwa anawakagua shingo kwanza. Kila mmoja alikuwa na la kutia chumvi, isipokuwa Fundi Kola, aliyekaa mwisho wa benchi ameshika kikombe bila kunywa.

Fundi hakuwa na la kuchekea. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi: cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, na kamba yenye mashati manne ya kola. Hayo mashati ndiyo yaliyokuwa yakimlisha yeye na nyumba yake. Suruali hakuna anayeshonesha siku hizi. Watu wananunua zilizoshonwa tayari, wanamletea fundi apunguze urefu tu. Lakini kila Jumamosi geti lile lilikuwa likirudisha watu wawili watatu. Mgeni kaja na fulana ya shingo ya duara aliyoinunua kwa bei ya kitanda, Rula anamgeuza, mgeni anabaki barabarani na fimbo zake hajui aende wapi. Hapo Fundi humpungia mkono, akamkodisha shati. Dakika tano baadaye mgeni anaingia klabuni kwa heshima zote, ndani ya shati lililonuka jasho la mgeni wa wiki iliyopita.

Shati la njano, lenye tumbo pana kuliko yote, lilishavaliwa na wakurugenzi wasiopungua kumi. Shimo Tisa huokota jarida la klabu likishatupwa, na siku moja alilileta benchini wakalitazama kwa zamu: miezi mitatu mfululizo, washindi watatu tofauti, kikombe kimoja, shati moja la njano, na kiraka kilekile kwapani.

"Hilo sharti lisingefutwa," Fundi alisema hatimaye.

Wakili akamgeukia taratibu.

"Rudia, fundi. Kwa faida ya waliohudhuria."

"Nasema mavazi ni heshima. Huwezi kwenda mahali pa watu umevaa kama unakwenda kuoga."

Hapo walimpanda kichwani. Shimo Tisa alimkumbusha kwamba mwaka juzi yeye mwenyewe, Fundi Kola, alifukuzwa pale getini kwa sababu ya ndala, tena alikuwa anafuata shati lake ambalo mgeni mmoja aliondoka amelisahau bafuni. Wakili alikumbuka maneno yake ya siku ile: kwamba hawa ni watu wanaochagua binadamu kwa shingo. Kwa wiki nzima alikuwa hanywi kahawa bila kuwalaani. Leo amekuwa msemaji wao.

Mama Birika ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. "Fundi, acha kuzunguka. Unaogopa."

"Naogopa," alisema Fundi. "Wakiingia na fulana, mimi nitavalisha nani?"

Hilo halikuwa na mzaha, na hawakulitania. Kisha Wakili akasema kisheria kuna njia. Ndani ya klabu kuna sanduku la maoni ya wanachama. Shimo Tisa hupita mbele yake kila siku. Kamati inabadili masharti kwa sababu vijana wamelalamika. Akilalamika mtu mwenye uzito upande wa pili, kamati hiyohiyo itageuka tena.

Barua waliiandika palepale, Fundi akitamka na Wakili akitia nakshi. Fundi hakujua kwamba alikuwa na maneno mengi kiasi hicho juu ya kola. Aliandika kwamba amesikitishwa. Aliandika kwamba leo ni kola, kesho ni viatu, keshokutwa watu watacheza vifua wazi. Aliandika kwamba heshima ya klabu haianzii ndani, inaanzia nje ya geti, pale mgeni anapotupa jicho lake la kwanza. Hapo alikuwa akifikiria kibanda chake na mashati yake kambani, na aliona amelisema vizuri. Akafunga kwa sentensi ambayo Wakili aliisoma mara tatu kwa sauti kwa jinsi ilivyompendeza: "Asiye na kola aonyeshwe njia kwa adabu, lakini aonyeshwe."

Wakatia saini ya "Mwanachama wa Siku Nyingi". Mama Birika akauliza mwanachama wa nini.

"Barua haijasema wa nini," Wakili alijibu. "Anayesoma akijijazia mwenyewe, hilo si kosa letu."

Shimo Tisa akaitumbukiza sandukuni, siku kumi zikapita. Fundi alizihesabu moja moja. Siku ya kumi na moja, Ijumaa jioni, Rula alitoka getini na nyundo, misumari miwili na tangazo lililofunikwa kwa plastiki. Alilipigilia kwenye nguzo ya uzio, juu ya vichwa vyao kabisa, akasimama kando kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Wakili alisimama akasoma.

Kamati, baada ya kupokea maoni mazito ya mwanachama wa siku nyingi, imeamua kurudisha sharti la kola kama lilivyokuwa, bila punguzo.

Fundi aliruka. Kikombe kilimwagika na hakujali. Alimkumbatia Shimo Tisa, akamwambia Mama Birika awape watu kahawa, yote juu yake, hata Rula apewe. Alijiona mtu mkubwa, na kwa dakika mbili alikuwa mkubwa kweli: maneno ya fundi wa kibanda cha bati yalikuwa yamewageuza mabosi wazima.

"Ngoja," alisema Wakili. "Kuna 'aidha'."

"Aidha nini?"

Wakili aliisoma polepole, sauti ikipungua. Aidha, kamati inakubaliana na mwanachama huyo kwamba heshima ya klabu inaanzia nje ya geti. Eneo lote kuanzia uzioni hadi mtaroni, benchi likiwemo, ni ardhi ya klabu. Kuanzia kesho asubuhi, atakayekaa au kufanya shughuli hapo awe amevaa shati lenye kola. Wasipotii, benchi litang'olewa.

Hakuna aliyemtazama Fundi kwanza. Baadaye wote walimtazama pamoja.

"Nimekaa hapa tangu huu mchongoma uko kimo cha goti," alisema Mama Birika. "Umekua, mimi nimekuwa uchafu."

Hakupandisha sauti, na ndiyo sababu Fundi aliumia. Alijua amejipalia makaa, na si yeye peke yake yanayomuunguza. Alivuka barabara, akaivua kamba, akarudi na mashati yote manne mkononi. Akayagawa. La njano alimpa Mama Birika, la bluu Wakili, la kijani lenye mistari Shimo Tisa. Jeupe akabaki nalo mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi benchi lilikuwa kitu cha kutazamwa. Rula alikuja kukagua na rula yake, akamkuta Mama Birika amevaa la njano juu ya gauni, mikono imefika kwenye vifundo, kola imesimama wima. Aliinama, akaitazama ile kola kwa muda mrefu, akasema iko sawa. Mama Birika akamwuliza kama na jiko livalishwe. Rula akasema tangazo halijataja jiko.

Mwanzoni walikuwa wakichekana. Kisha mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo, na Fundi aliyaona kwa sababu kazi ya fundi ni kutazama nguo zinavyomkaa mtu. Wakili alikunja nne, mguu juu ya mguu. Shimo Tisa aliacha kutema mate. Gari la mwanachama mmoja lilipopita lilipunguza mwendo, na mtu ambaye kwa miaka yote amekuwa akiwatimulia vumbi akateremsha kioo, akamwambia Wakili, "Mheshimiwa, habari za asubuhi." Wakili hakujibu kwa mdomo. Aliinamisha kichwa kidogo tu, kama mtu aliyezoea.

Baada ya hapo hawakushikika. Mpagazi mmoja aliyezoea kupumzika pale alikuja na singlendi yake, akataka kukaa. Shimo Tisa alitanua mkono juu ya nafasi. "Kaka, huoni tumekaa watu?" Mpagazi alidhani ni utani, akacheka, akasubiri wenzake wacheke. Hawakucheka. Mama Birika alimpa kahawa yake akainywe ng'ambo ya mtaro, na alipompa alitazama pembeni.

Saa tatu hivi gari likasimama getini. Kijana akashuka na mfuko wa fimbo mpya, fulana ya shingo ya duara. Rula akamgeuza bila hata kupima, akanyoosha kidole kuelekea benchini. Sharti limerudi, na mteja wa kwanza huyu hapa.

"Fundi, nimeambiwa una mashati," alisema kijana, pesa ziko mkononi.

Fundi aliitazama kamba yake ng'ambo ya barabara. Ilikuwa tupu. Akawageukia wenzake.

"Wakili, nivulie hilo kidogo."

Wakili alishika kola kwa mikono miwili. Alisema angependa, lakini akilivua sasa hivi atakuwa amevunja tangazo akiwa juu ya ardhi ya klabu, na benchi litang'olewa kwa ajili yake. Shimo Tisa alisema yule mtu wa maana aliyemsalimia Wakili atarudi kupita saa nne, naye anamsubiri. Mama Birika alisema kama Fundi anataka yeye aondoke na jiko lake, aseme tu.

Kijana alitazama saa. Fundi alimfikiria mke wake, aliyemwambia alfajiri kwamba leo, kwa mashati yale, angalau kutachemka kitu. Akafungua vifungo vya shati jeupe kimoja kimoja, akamkabidhi kijana, kijana akaingia klabuni. Fundi akabaki na singlendi yenye tundu upande wa tumbo, pesa mkononi. Alirudi kukaa mahali pake, mwisho wa benchi, akachukua kikombe chake.

Rula alikuwa getini anatazama, wala hakuinua mguu. Hakuhitajika.

Wakili alisimama, akajinyoosha shati la bluu, akasafisha koo.

"Fundi, ndugu yangu," alisema, "nakuonyesha njia kwa adabu." Akanyoosha mkono ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha bati. "Lakini nakuonyesha."

Fundi alimtazama Mama Birika. Mama Birika alikuwa anachochea jiko. Fundi akasimama na kikombe chake, akavuka mtaro, akavuka barabara, akavuta kigoda. Alipogeuka kuwatazama, nafasi yake haikuwepo tena; walikuwa wameshasogea.